Barua Zilizokaa Getini

Jumatatu, 3 Februari 2025

Limefunguliwa! Dirisha Moja. Saa mbili na dakika tano asubuhi – hizo dakika tano ni za mkasi. Mkuu wa Chuo alitaka kukata utepe na mkasi haukuonekana. Chuo kizima, idara ya ugavi ipo, mkasi hakuna. Tumekata kwa kisu cha jikoni.

Nijiandikie ili siku nikikata tamaa nije nisome. Nilipokabidhiwa ukaimu wa Utawala na Huduma mwezi wa tisa, mwanafunzi aliyetaka transkripti alipita meza saba. Saba! Nilimfuata mmoja kwa miguu, saa ya simu mkononi. Wiki sita. Meza ya nne haikuwa na kazi yoyote ila kuuliza kama umepita meza ya tatu. Sasa: dirisha, namba, kioo safi, na karani wetu kijana, Vero, nyuma yake na kompyuta. Siku tatu, kwisha.

Masjala nayo nimeisafisha. Lile benchi refu ambalo wageni walilikalia wakipiga soga na Mzee Rogasian, karani wa masjala – limetoka. Kikapu chake cha kahawa ya kutafuna – kimetoka. Mtu alikuwa anakuja kwa karatasi moja tu. Anasalimiwa, anaulizwa migomba, ng'ombe, wajukuu, anatafuna kahawa, ndipo anataja shida. Dakika thelathini na nane kwa wastani. Nilipima. Mzee nimemhamishia chumba cha nyuma apange mafaili ya zamani. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mama, wewe ndiye mwenye nyumba," akachukua koti lake.

Atanizoea.

Alhamisi, 6 Februari

Waliohudumiwa: 61. Wastani: dakika tisa. Wanaosubiri saa kumi jioni: 0.

Sifuri! Nimeifungua ile ripoti mara tatu kuiangalia tena. Mwanafunzi mmoja kamwambia Vero kwamba alikuja na chakula cha mchana kwenye mkoba, akijua atashinda hapa. Amekila njiani, anarudi bwenini.

Jumanne, 11 Februari

Waraka Na. 2 umetoka, nimeuandika mwenyewe. Nyaraka zote zitapokelewa dirishani, kutoka mkononi mwa mwenyewe. Mtumishi mwingine yeyote asipokee karatasi ya mtu. Inatosha barua kusafiri kwenye mifuko ya madereva na aproni za wapishi! Waraka Na. 3: gari la chuo liombwe kwa fomu, saa arobaini na nane kabla ya safari.

Mkuu, Profesa Melkiory, ameniita. Amefurahi mpaka kanikaribisha chai. Wajumbe wa Baraza la Chuo watakuja tarehe 14 Machi, anataka walione dirisha. Akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba neno "kaimu" halipaswi kukaa mbele ya jina la mtu milele. Nikajifanya sijasikia. Nilisikia vizuri sana.

Jumatano, 26 Februari

Orodha ya wanaofutiwa usajili imeletwa nisaini. Mwisho wa kuleta barua za kuahirisha masomo ulikuwa tarehe 14. Majina kumi na moja: hawakujisajili, hawakuleta barua. Mwaka jana walikuwa wanne. Vero ameuliza mbona wameongezeka. Nikamjibu, vijana wa siku hizi.

Jibu la mtu mvivu. Lakini orodha imekwenda, na mimi nina mabweni ya kukagua. Mvua.

Jumatatu, 3 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kilima cha kupandia chuoni kimegeuka uji kwa mvua, gari langu limekwama chini, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Miezi sita napita getini nikiwa ndani ya gari, vioo juu, simu sikioni. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona kilichomo ndani ya kibanda cha mlinzi.

Watu saba. Watu wazima, wamevaa vizuri, wamekaa kwenye benchi. Benchi lile! Novatus, mlinzi wetu, aliliokota lilipotupwa nje. Na kikapu cha kahawa kipo, kinazunguka.

Nikasalimia. Nikauliza wanasubiri nini. Mama mmoja kutoka kwetu Bugomora, anamjua mama yangu, akajibu kwa upole kabisa:

"Tunawasubiri wenye ofisi."

Nikamwambia wenye ofisi wapo, dirisha liko wazi tangu saa mbili. Wakatazamana. Wakanionea huruma, nadhani.

"Tumemwona binti nyuma ya kioo, mama. Ana kazi zake, hatukutaka kumsumbua. Lakini wenye nyumba hawajatoka kutusalimia."

Nikasimama pale na viatu vyangu mkononi. Mimi, mtoto wa Bugomora! Kwetu mgeni hapigi kelele uani. Anakaa, wenyeji wanatoka, wanamsimamia wima kwa heshima, wanamsalimu, ndipo neno lake linatoka. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nikaenda Dodoma miaka kumi na nane, nikarudi na saa ya kupimia.

Na ile sifuri yangu? Hawa hawajachukua namba. Asiyechukua namba hahesabiwi. Asiyehesabiwa hasubiri. Mwezi mzima nimekuwa nikiwaonyesha watu sifuri, na watu wenyewe wamejaa getini.

Si hayo tu. Novatus kavua kofia, kaniambia, "Naomba radhi, Madam, kuna na hizi," akatoa boksi la sabuni. Barua ishirini na tatu. Za waliochoka kusubiri, wakamwachia. Nikamuuliza mbona hakuzileta. Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. Waraka Na. 2, wenye saini yangu.

"Umekataza tusipokee. Nikazitunza tu zisiloe."

Nilitaka kumgombeza. Ningeanzia wapi?

Nimezisoma zote. Ishirini na mbili ni za kawaida, zimechelewa lakini hazijaharibu. Moja imeharibu. Ya Mzee Yustasi, mfugaji wa Kyerwa, imeandikwa kwa mkono na kukabidhiwa tarehe 13 Februari. Binti yake Nabasa, mwaka wa pili Ualimu, alijifungua kabla ya wakati, akapasuliwa. Anaomba apumzike muhula mmoja tu. Karatasi ya hospitali imebandikwa, mhuri upo, kila kitu kipo. Siku moja kabla ya mwisho!

Nabasa ni jina la sita kwenye orodha niliyosaini.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda chumba cha nyuma. Mzee Rogasian alikuwa amevaa koti, miwani puani, mafaili ya mwaka 2009 yamepangwa vizuri kuliko ya mwaka huu.

"Mzee, ulijua kwamba watu wanakaa getini?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama. Kila ukipita ulikuwa unatazama saa."

Nilikasirika. Nikamwambia kukaa kimya huku watu wanaumia ni uovu pia. Akafikiri, akakubali. Akasema kweli, alinuna, na mzee akinuna watoto ndio wanaolala njaa. Tukakaa wote wawili tumeinamisha vichwa. Kisha akanieleza bila kiburi: zile dakika za mwanzo mgeni hapotezi muda, anapima kama shida yake itapata pa kukaa. Mtu ametoka Kyerwa, amelala Omurushaka ili awahi. Hawezi kuipenyeza aibu ya binti yake kwenye tundu la kioo huku vijana kumi nyuma yake wanasikiliza.

Mchana kwa Mkuu. Profesa Melkiory si mtu mbaya, ila anaogopa vikao. Kanuni inasema barua iwe imepokewa na chuo kufikia tarehe 14 Februari. Ilipokewa? Ilikuwa kwenye boksi la sabuni. Ushauri wake: binti aombe upya mwezi wa kumi, aanze mwaka wa kwanza. Bila alama zake, bila mwaka wake mmoja na nusu! Nikamwambia nitalipeleka kwenye Kamati ya Taaluma. Akanikumbusha kwamba Kamati inakaa tarehe 14 Machi, siku hiyohiyo ya wageni wa Baraza.

"Joanitha, siku ya wageni mtu hawashi kuni mbichi sebuleni."

Nikasema zimeshawaka, Profesa. Nikatoka kabla hajajibu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri akanipaka, akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Wiki hii sikuhitaji kukumbushwa.

Nataka kwenda Kyerwa kesho, kwa Mzee Yustasi. Nikaomba gari. Dereva, kwa adabu zote, akanipa fomu. Saa arobaini na nane! Nikaitazama saini iliyo chini ya fomu. Yangu.

Nitapanda basi.

Alhamisi, 6 Machi

Basi kutoka Omurushaka, kisha bodaboda. Tukapita Kamuli, migomba na mibuni pande zote, halafu migomba ikaisha ghafla na nyasi zikafunguka. Ng'ombe wenye pembe ndefu, upepo, hakuna ua wala mti wa kujificha. Nilihisi naonekana kutoka mbali, mimi na kosa langu.

Mzee Yustasi akatoka kabla pikipiki haijazima. Kofia, fimbo, koti la mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

Tukaacha Kiswahili, tukahamia Kinyambo, lugha yetu. Nikaletewa maziwa. Akaniuliza mvua ya Bugomora, mama yangu, barabara. Sikutazama saa hata mara moja – si kwa wema, niliogopa tu. Kila swali lake nilidhani ndilo, na halikuwa.

Nabasa akatoka na mtoto. Mwembamba, uso wa mtu anayelala kwa vipande. Mtoto wa kike, mdogo sana, hajatimiza uzito lakini ana sauti. Baba alipoinuka kutazama ndama, binti akaniambia harakaharaka kwamba alishapata ujumbe wa kufutwa, kwenye simu. Hakumwambia baba. Baba amesafiri mara tatu kwa ajili ya barua ile, anadhani binti amepumzika tu. Kila siku binti anamsikia akimwambia mtoto kwamba mama yako ni mwalimu. Na Nabasa bado ananakili masomo wanayomtumia wenzake kwa simu. Daftari zima! Anafutwa, huku ananakili.

Kwa hiyo ni mimi niliyemwambia mzee. Aliporudi nikasema yote: orodha, waraka, kioo, saini yangu. Nikasema, mzee, kosa ni langu, si lako wala la binti.

Akaweka fimbo chini. Kisha:

"Nilikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani mna msiba."

"Msiba?"

"Ofisi nzima kimya, hakuna anayenyanyuka, hakuna anayemsalimu mtu. Nikamwambia askari wenu, nisiwasumbue, waacheni wazike. Mara ya pili nikaona bado. Nikasema, hawa wamefiwa na mkubwa."

Nilitaka kucheka, nikalia. Mbele ya watu! Mkewe akaniongezea maziwa.

Mzee akauliza jambo moja tu: ile barua iko wapi sasa. Nikamwambia ninayo, iko kavu.

"Basi haijapotea," akasema, akaenda kufungia ndama.

Ijumaa, 7 Machi

Ushahidi upo! Kitabu cha getini. Novatus anaandika kila mgeni kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Yustasi: tarehe 5, tarehe 10, tarehe 13 Februari. Saa ya kuingia, saa ya kutoka. Shida: "Kumwona mwenye ofisi." Ya mwisho ameongeza: "Ameacha bahasha."

Jumatatu, 10 Machi

Benchi limerudi ndani, karibu na mlango. Mzee Rogasian yuko mbele, na koti lake. Mgeni akiingia anasimama, anamsalimu, anamkalisha. Wanafunzi wao wanakimbilia dirishani na namba zao, na dirisha wanalipenda, hilo sitawanyang'anya. Vero naye ametoka nyuma ya kioo mara mbili leo. Mara ya kwanza alisalimia kama mtu anayesoma tangazo. Mara ya pili afadhali. Mzee akamwambia, usiulize "nikusaidie nini" kabla hujajua mtu ametoka wapi.

Waraka Na. 2 nimeufuta. Na. 3 nimeupunguza makali, nina sababu zangu.

Hesabu za leo: wanafunzi, dakika tisa. Wazazi na wazee, dakika thelathini na moja. Wanaosubiri saa kumi: 4. Nne za kweli, nimewaona kwa macho, mmoja alikuwa anasinzia. Nazipenda kuliko ile sifuri. Na getini hakuna mtu! Nimekwenda mwenyewe kutazama.

Ripoti ya Kamati na Baraza ni moja. Ukurasa wa pili unasema wazi dirisha lilishindwa wapi, lini, na kwa saini ya nani. Vero alipofika hapo aliacha kuchapa.

"Madam, tuiandike hivi kweli?"

Nikamwambia aendelee kabla sijageuza mawazo.

Alhamisi, 13 Machi

Mkuu amesoma ripoti. Hakuniita. Amepita koridoni, akasimama, akasema ukurasa wa pili una makosa mawili ya uchapaji. Akaenda zake.

Sijui hiyo ni nini. Lakini hakusema niuondoe.

Ijumaa, 14 Machi

Saa sita kasoro robo. Naandika nikiwa koridoni, kwa mkono mmoja. Mwingine una mtoto wa Nabasa, amelala, mzito kidogo kuliko wiki iliyopita.

Wageni wa Baraza wamekuja, wameona dirisha, wamepiga picha. Kisha mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akakaa kwenye benchi apumzike miguu, Mzee Rogasian akamsimamia, na ratiba ikachelewa dakika ishirini na tano. Aliporudi kwenye msafara alikuwa anatafuna kahawa na anajua majina ya wajukuu wote wa Rogasian. Kuhusu ukurasa wa pili, hajasema mtu.

Kamati imeanza saa tano. Mimi ni mhusika, nimetolewa nje. Kama wakiamua barua haikupokewa, Nabasa anarudi nyumbani leo bila chuo, na mimi ndiye nitakayewasindikiza mpaka kituoni. Mzee Yustasi amekaa mbele yangu, fimbo magotini. Wametoka kwao na basi la alfajiri. Nabasa yuko ndani tangu robo saa iliyopita. Sasa ameitwa Novatus.

Mlango wa chumba cha mikutano haufungi sawasawa. Nimeuandikia maombi ya ukarabati tangu Novemba. Asante Mungu fundi hajaja!

Nasikia karatasi. Nasikia mtu anasoma kitabu cha getini kwa sauti, tarehe kwa tarehe. Sasa ni Mkuu:

"Bwana Novatus, barua hii ilipokewa na nani?"

Kwangu alisema ameitunza tu. Akisema hivyo humo ndani, yamekwisha.

"Na mimi."

"Kwa mamlaka gani? Waraka ulikuwa unakataza."

Kisha sauti ya Novatus, polepole, ya mtu anayetafuta Kiswahili cha ofisini na kukikosa:

"Mzee alifika, nikamsimamia. Nikamsalimu. Nikampa pa kukaa. Sasa Profesa, kwetu sisi, aliyefanya hivyo ndiye amempokea mgeni, pamoja na alichokuja nacho. Na mimi nilikuwa nimevaa sare ya chuo. Kama sikuwa chuo, basi siku ile chuo hakikuwepo."

Mtu anakohoa. Kalamu inagongwa mezani mara mbili, najua ni ya nani.

Halafu Mkuu, sauti imeshuka, nami nimesogeza sikio mpaka karibu nimwamshe mtoto:

"Vuta kiti, Bwana Novatus. Ukae. Habari za nyumbani?"

Kiti kinaburuzwa. Novatus anajibu, nzuri, tunashukuru. Mkuu anamuuliza ametokea kijiji gani. Anamuuliza mvua!

Mzee Yustasi ameinua uso. Masikio yake hayako vizuri. Ananiuliza wamefika wapi.

"Wanasalimiana, mzee."

Ameitikia kwa kichwa. Ameegemeza fimbo ukutani, amekaa vizuri zaidi, na amenyoosha mikono nimpe mjukuu wake.